Hitilafu ya Saa Moja Kasorobo

Solfrid alipiga simu mara ya tatu.
"Picha inakatika," alisema, "kila siku ya Mungu,
saa moja kasorobo jioni, si kabla, si baada."
Nikamwambia mitambo haina saa.
"Huu wangu unayo," akajibu.

Nikaendesha kilomita tisini, theluji ikilamba barabara,
hadi Kvitnes: nyumba kumi na nne, gati moja, kiwanda cha samaki,
na dishi lake ukutani, limeinamisha uso
kama mtoto aliyevunja kikombe.

Wageni hudhani limelegea.
Huku kaskazini setelaiti haikai utosini;
imechutama kusini, nyuzi kumi na moja tu juu ya maji,
na dishi la sampuli hii huipokea likitazama chini.
Ndilo umbo lake, si ugonjwa.
Nikamweleza hayo. "Najua," akasema,
"Edvin ndiye aliyelifunga."

Nilianza na kebo, maana maji ndiyo mwizi wa kwanza.
Nikafungua kiungio: shaba imefanya kutu ya kijani,
chumvi imejenga humo na kuhamia.
Nikakata shubiri nzima, nikamenya, nikafunga upya, nikapaka grisi.
Nikapangusa barafu kwenye jicho.
Nikalegeza nati mbili kwa spana namba kumi na tatu,
nikasukuma dishi kushoto, unywele,
kulia, nusu ya unywele,
nikibana pumzi kila mara, maana king'amuzi ni kizito kujibu:
ukikiuliza sasa, kitakujibu ukishageuka.
Kipimo kikalia, kikazidi, kikawa sauti moja nyembamba.
Ubora: themanini na nne.
Nikakaza. Nikatia sahihi. Nikaondoka nikijipongeza.

Kesho yake, simu.
"Saa moja kasorobo," akasema,
bila hasira, kama anayesoma ratiba.

Safari hii sikupanda ngazi.
Nilivua buti, nikaketi kwenye kochi lake, tukangoja.
Mtangazaji alikuwa akieleza bei ya umeme.
Ghafla midomo yake ikabaki nyuma ya maneno,
shavu likahamia begani,
tai ikawa miraba, miraba ikawa buluu tupu,
na juu yake maandishi: HAKUNA MAWIMBI.

Nikaenda dirishani, nikafumba jicho moja,
nikatazama pale dishi linapotazama
(si linapoinamia, linapotazama)
na palipokuwa na anga
pana ukuta mweupe wenye taa, ghorofa tisa,
unafungwa kamba gatini.

"Meli mpya," Solfrid akasema nyuma yangu.
"Tangu Septemba. Ile ya zamani ilikuwa fupi."

Nikaanza hesabu kwa sauti: mlingoti wa mita tatu,
kebo mpya, nusu siku ya kazi,
kroni elfu nne na mia mbili.
Alinisikiliza hadi mwisho.
"Na ikiondoka, picha hurudi yenyewe?"
"Yenyewe."
"Bila mtu kugusa kitu?"
"Bila."
"Basi hakuna kilichoharibika," akasema.
"Kuna aliyesimama mbele, basi."
Na birika, nikagundua, lilikuwa tayari linachemka;
alilitia jikoni kabla picha haijakatika.

Fomu yangu ina mistari mitatu.
Kwenye Hitilafu niliandika: meli.
Kwenye Hatua Iliyochukuliwa: kahawa.
Kwenye Matokeo nikasita, kalamu mkononi,
mpaka honi ilipolia na vioo vikatetemeka
na mtangazaji akarejea, shingo yake yote mahali pake,
akiwa tayari kwenye hali ya hewa:
theluji, upepo wa kaskazini magharibi, theluji.

Solfrid hakugeuka kumtazama.
Alikuwa bado dirishani, kikombe kifuani,
akihesabu taa zikienda.